Umeme wa kaskazini: tunabishania bwawa, kumbe jibu liko kwenye waya

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie mikoa ya kaskazini, kwa sababu kuusafirisha umeme kutoka kusini hadi huko kunapoteza sehemu yake njiani. Kauli hiyo ilizua kelele. Watu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, iweje nchi iliyotoka kujenga Bwawa la Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, iende kununua umeme kwa jirani. Waliotetea wakajibu kwa habari za soko la umeme la kikanda na ujirani mwema. Kwa siku kadhaa mabishano yakawa ya uzalendo dhidi ya biashara, na kiini chenyewe cha kauli kikarukwa na pande zote mbili. Umeme unapotea njiani. Njia ipi hiyo, yenye msongo gani (yaani volti ngapi), na waya wa unene gani?

Msimamo wangu ni huu: suala la kaskazini halikuwa la uhaba wa umeme wala la kukosa uzalendo. Lilikuwa suala la nyaya. Na kwa kuwa tumelisoma vibaya, tuko katika hatari ya kulitibu vibaya, ama kwa kufunga mkataba mrefu wa kununua umeme tusiouhitaji kwa muda mrefu hivyo, ama kwa kuwasikiliza wauzaji wanaodai kwamba waya wa kisasa wenye kiini cha kaboni utamaliza kila tatizo. Waya wa njia kuu ya umeme ni uamuzi wa miaka 40 hadi 50. Unachaguliwa mara moja, kwenye ofisi ya mshauri mwelekezi, mara nyingi bila raia hata mmoja kujua kwamba kuna kitu kimechaguliwa.

Tuanze na upotevu wenyewe. Waya wowote una ukinzani, yaani unauzuia umeme kidogo, na mkondo ukipita humo sehemu ya nishati inageuka joto na kwenda hewani. Joto hilo halikui sawasawa na mkondo. Linakua kwa mraba wake. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Ndiyo maana umeme wa safari ndefu hupandishwa msongo: ukipandisha msongo mara mbili, unahitaji nusu ya mkondo kupeleka megawati zilezile, na upotevu unashuka hadi robo. Chukua megawati 100 zinazosafiri kilomita 400. Kwenye njia ya kilovoti 220 yenye waya mmoja wa aina ya Zebra kwa kila fezi (njia ina fezi tatu, kila moja na waya wake), zitapotea karibu megawati 6. Peleka megawati 200 kwenye njia hiyohiyo na upotevu unaruka hadi megawati 23 hivi. Sasa weka megawati 100 zilezile kwenye njia ya kilovoti 400 yenye nyaya mbili za Zebra kwa kila fezi: upotevu hauzidi megawati 1. Upande wa pili wa ngazi hali inatisha zaidi. Njia ya kilovoti 132 yenye waya mwembamba kama ule wa aina ya Wolf, ikibebeshwa megawati 50 kwa kilomita 300, itapoteza megawati 8 hivi, na kabla hujalalamikia upotevu utakuwa umeshakutana na msongo unaoporomoka kabla ya kufika mwisho wa njia.

Sasa rudi kwenye ramani ya wakati ule. Umeme wa Bwawa la Nyerere unatoka Rufiji kwa njia ya kilovoti 400 yenye urefu wa kilomita 160 hadi Chalinze. Kutoka hapo kulikuwa na pengo. Kipande cha kilovoti 400 cha Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, kilikuwa bado kinajengwa. Mbele yake kuna uti wa mgongo wa Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, kilomita 670, uliojengwa kwa kiwango cha kilovoti 400 lakini ukaanza kazi kwa kilovoti 220. Kutoka Singida kwenda Arusha hadi Isinya nchini Kenya kuna njia mpya ya kilovoti 400 ya takriban kilomita 510, iliyowashwa mwishoni mwa 2024. Kwa maneno mengine, tulikuwa na mikono miwili mizuri isiyoshikana. Umeme wa kwenda kaskazini ulilazimika kuzunguka kwenye njia za kilovoti 220 kupitia Morogoro, Kidatu na Iringa, au kubanana kwenye njia ya kilovoti 132 inayopita Hale, Same na Kiyungi. Kwa ramani hiyo, hoja ya upotevu ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa kweli ya ramani ile, na ramani inabadilika. Hapo ndipo wengi walipoteleza, waliopinga na waliotetea: walizungumza kana kwamba umbali kati ya Rufiji na Arusha ndio unaokula umeme.

Ukipandisha msongo umemaliza sehemu ya kwanza ya kazi. Inabaki ya pili, ambayo haizungumzwi kabisa: unene wa waya. Waya unaotumika zaidi duniani kwenye njia kuu ni wa alumini wenye kiini cha chuma, ambao wahandisi wanauita ACSR. Zebra ni wa aina hiyo. Ukikata kipande chake ukakitazama kwa mbele, unaona nyuzi 7 za chuma katikati, zimezungukwa na nyuzi 54 za alumini, kila uzi ukiwa na kipenyo cha milimita 3.18, zimesokotwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limepinda kinyume na lililo chini yake ili waya usijifungue. Kipenyo cha waya mzima ni kama milimita 28.6, na kilomita moja ina uzito wa kilo 1,600 na ushei. Alumini inabeba mkondo, chuma kinabeba uzito. Shaba ingepitisha umeme vizuri zaidi, lakini kwa ukinzani uleule waya wa alumini una uzito wa karibu nusu ya ule wa shaba, na uzito mdogo maana yake ni minara michache zaidi na misingi midogo zaidi. Isitoshe, yeyote anayejua bei ya shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu anaelewa kwa nini hatuwezi kuitundika maporini.

Swali la unene lilijibiwa zamani. Mwaka 1881 mwanasayansi Lord Kelvin alionyesha kwamba waya wenye gharama nafuu kuliko zote ni ule ambao gharama yake ya mtaji kwa mwaka inalingana na thamani ya umeme unaopotea ndani yake kwa mwaka. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, unaokoa fedha za ujenzi na kuzimwaga kwenye joto. Ukiwa mnene kuliko hapo, umezika fedha kwenye alumini isiyo na kazi. Tufanye hesabu ya haraka kwa mfano ule wa megawati 100, kilomita 400, kilovoti 220. Tuseme mzigo huo unatembea mwaka mzima, na uniti moja iliyopotea tuithamini Sh100, kwa ajili ya hesabu tu. Megawati 6 zinazopotea ni uniti zipatazo milioni 50, yaani karibu Sh5 bilioni kwa mwaka. Ukiweka nyaya mbili kwa fezi badala ya moja, unaokoa nusu yake, kama Sh2.5 bilioni, karibu dola milioni 1. Waya wa ziada ni tani 1,900 hivi, ndani yake alumini tani 1,400. Tukichukua bei ya alumini ghafi kuwa dola 2,500 kwa tani, kwa ajili ya hesabu tu, malighafi hiyo ni dola milioni 3.5. Ongeza chuma, kusokota, usafiri, kuvuta waya na minara mizito zaidi, gharama itapanda mara kadhaa. Hata hivyo njia itaishi miaka 40 na zaidi. Mzigo halisi haukai megawati 100 saa 24, kwa hiyo jibu linaweza kwenda upande wowote, lakini hesabu inafanyika kwenye ukurasa mmoja wa karatasi, na hakuna sababu ya kuificha.

Wanaopinga ununuzi wana hoja moja nzito ambayo haikujibiwa ipasavyo. Maji ya Rufiji yakishapita kwenye mtambo hayana bili ya mafuta. Ukipoteza asilimia 6, hata 10, ya umeme ambao kuuzalisha hakukugharimu mafuta, huenda bado ni nafuu kuliko kulipa fedha za kigeni kwa kila uniti inayovuka mpaka wa Kenya pale Namanga. Hoja hiyo ni sahihi kadiri ilivyo, na inamtaka anayetetea ununuzi aweke mezani bei mbili: ya uniti ya Ethiopia ikifika Arusha, na ya uniti ya Rufiji ikifika Arusha baada ya kutoa kilichopotea. Kinachopunguza makali yake ni kwamba njia iliyobanana haipotezi umeme tu, inakataa kuubeba. Mgonjwa wa hospitali ya Mount Meru, Arusha, au mwenye mashine ya kusaga Moshi hatasaidiwa na megawati zilizojaa Rufiji ikiwa msongo unafika kwake umechoka.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyosambaa kuliko zote, ni kwamba Ethiopia ni mbali kuliko Rufiji, kwa hiyo umeme wake utapotea zaidi. Inasikika kama akili ya kawaida, lakini umbali peke yake hausemi kitu. Njia ya Ethiopia hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na ni ya mkondo mnyoofu (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri) wa kilovoti 500, iliyoundwa kubeba megawati 2,000. Kenya ilianza kwa kuchukua megawati 200 tu kwa mkataba wa miaka 25. Njia kubwa namna hiyo ikibebeshwa sehemu ya kumi ya uwezo wake, upotevu wa kwenye waya ni mdogo mno. Kinacholiwa zaidi ni kwenye vituo vya kugeuza mkondo geu (unaobadili mwelekeo kila mara, kama wa majumbani) kuwa mnyoofu na kurudisha tena. Na mnunuzi analipia uniti zilizopimwa kwenye mita ya makabidhiano, si zile zilizoachwa jangwani. Mkondo mnyoofu una kasoro yake nyingine kubwa. Wakongo wanaijua vizuri: njia ya Inga hadi Kolwezi, ya takriban kilomita 1,700, ilipokamilika 1982 ilipita juu ya vijiji vingi ikipeleka umeme kwenye migodi ya Katanga, na vijiji hivyo vikabaki gizani, kwa sababu kuchota umeme katikati ya njia ya namna hiyo kunahitaji kituo cha gharama kubwa. Kwa nchi inayotaka Chalinze, Dodoma, Singida na Babati wote wachote njiani, mkondo geu wa kilovoti 400 bado ndio uamuzi wenye akili.

Sasa tuwageukie wanaouza dawa. Kumekuwa na mvuto mkubwa, na si Tanzania pekee, wa nyaya zinazostahimili joto kali. Waya wa kawaida wa ACSR huendeshwa hadi nyuzi joto 75 au 80 hivi. Ukipita 90 kwa muda mrefu alumini yake inaanza kulainika na kupoteza nguvu. Waya wenye kiini cha kaboni unaweza kwenda hadi nyuzi 180, na ule wa alumini laini juu ya chuma unazidi 200. Kwa hiyo muuzaji anasema: badilisha waya kwenye minara ileile, upate uwezo mara mbili. Ni kweli, ila ni kweli ya mahali maalumu. Waya unaofikia nyuzi 180 umefika huko kwa sababu unapoteza umeme mwingi. Lile joto ndilo hasara yenyewe. Kwenye njia fupi ya kilomita 10 au 20 mjini hasara hiyo inavumilika. Kwenye njia ya kilomita 400 ni kichekesho cha kihasibu. Zaidi ya hapo, njia ndefu ya mkondo geu haikwami kwa joto. Inakwama kwa usumaku unaojengeka kuzunguka waya na kuuzuia mkondo, kwa msongo unaoshuka, na kwa mitambo ya pande mbili za njia kutishia kuacha kuzunguka kwa mwendo mmoja. Unaweza kuweka waya wa kustahimili nyuzi 1,000 kati ya Singida na Arusha na usiongeze megawati hata moja.

Haki itendeke kwa waya wa kaboni, kwani una sifa nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ndogo kuliko inavyostahili. Kiini chake ni chembamba na chepesi, kwa hiyo kwenye unene uleule inaingia alumini zaidi ya robo ya ziada. Ukiuendesha ukiwa baridi, upotevu unapungua kwa kiasi kinachoonekana. Bei yake kwa mita ni kubwa mara kadhaa, na mafundi wanaouvuta lazima wafunzwe upya, maana kiini hicho hakisamehe: ukikipindisha kwenye kapi dogo kinapasuka ndani, nje waya unaonekana mzima, na siku moja unaanguka. Pahali pake ni pale penye minara iliyopo, pasipo na nafasi ya mkuza mpya (ukanda wa ardhi unaoachwa wazi chini ya njia ya umeme), na penye mzigo unaokua kila mwaka. Dar es Salaam ni mfano ulio wazi. Kupanua mkuza wa njia ya kilovoti 132 katikati ya makazi ya watu ni kubomoa nyumba na kulipa fidia kwa miaka. Kubadilisha waya kwenye minara ileile ni kazi ya miezi. Kwa njia mpya inayokatisha mbuga, nunua alumini ya kutosha na uache mbwembwe.

Kuna jambo la mnepo ambalo raia wa kawaida anaweza kuliona kwa macho. Waya ukipata joto unarefuka. Chukua mita 400 kati ya mnara na mnara: joto likipanda kwa nyuzi 50, waya wa ACSR unaongezeka urefu wa karibu sentimita 40. Sentimita hizo 40 zinaweza kushusha tumbo la waya kwa mita 2 nzima. Chini yake kuna mti uliopaswa kukatwa, au mtu aliyejenga kwenye mkuza. Agosti 14, 2003, nyaya za kilovoti 345 katika jimbo la Ohio, Marekani, zilinepa zikagusa miti, na kufikia jioni watu milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme. Hapa kwetu kuna nafuu tusiyoitumia: mahitaji yetu hufika kilele jioni, watu wakirudi nyumbani kupika na kuwasha taa, wakati ambapo jua limeshazama na waya umepoa. Waya uleule unaweza kubeba zaidi saa 2 usiku kuliko saa 8 mchana bila kunepa kupita kiasi. Kuweka vipimo vya joto na upepo kwenye njia zilizobanana ni gharama ndogo mbele ya kujenga njia mpya, na nashangaa kwamba hoja hii haisikiki kabisa kwenye mjadala wetu.

Pwani ina kanuni zake. Hewa ya chumvi ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa inaanza kwa kula zinki iliyopakwa kwenye nyuzi za chuma, na zinki ikiisha, alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi vinaanza kulana vyenyewe kwa vyenyewe, ndani, mahali jicho halifiki. Huko waya wa aloi ya alumini tupu, usio na chuma kabisa, au wenye grisi hadi kwenye kiini, unalipa hata kama bei yake iko juu kidogo. Mtu anayenunua waya wa aina moja kwa nchi nzima ili apate punguzo la bei hajafika Mtwara.

Kwa nini basi makosa ya waya yanatokea, wakati hesabu inajulikana tangu 1881? Jibu langu ni mpangilio wa zabuni. Kwenye ununuzi wa transfoma kubwa, ni desturi ya muda mrefu kumtoza mzabuni thamani ya umeme ambao kifaa chake kitapoteza katika maisha yake, kwa hiyo transfoma ya bei rahisi inayopoteza sana inashindwa. Njia ya umeme mara nyingi haishindanishwi hivyo. Mshauri anachagua waya mapema, kwa makadirio ya mzigo ya siku ile, kisha wakandarasi wanashindana kwa bei ya kujenga. Mkopo unapimwa kwa gharama ya ujenzi, waziri anapongezwa kwa kuokoa fedha za ujenzi, na upotevu unalipwa polepole na mteja ndani ya kila uniti, miaka 40, bila jina la mtu yeyote kuandikwa juu yake. Ni kama kununua gari kwa kuangalia bei ya dukani tu na kumwachia mwanao bili ya mafuta.

Hapo ndipo mkataba wa umeme wa kaskazini unapopaswa kupimwa. Kununua umeme kupitia Namanga wakati njia za ndani hazijaungana ni jambo la busara, na kuwa na gridi iliyoshikamana na jirani ni kinga ya siku ya ukame au ya hitilafu. Lakini sababu iliyotajwa ni upotevu, na upotevu huo utapungua sana umeme utakapoweza kutoka Rufiji hadi Arusha bila kushuka chini ya kilovoti 400. Basi muda wa mkataba ufuate ratiba ya njia hiyo, na kiasi cha kulazimika kununua kishuke kadiri vipande vinavyowashwa. Kufunga miaka 25 kwa sababu ya pengo la kilomita 345 ni kulipia kwa robo karne kazi ya miaka michache. Na kwa kila njia mpya itakayotangazwa, pamoja na ile ya kilovoti 400 inayoelekea Zambia, Bunge liombe ukurasa mmoja tu: mzigo uliokadiriwa kwa miaka 20, aina tatu za waya zilizopimwa, upotevu wa kila moja kwa uniti na kwa shilingi, na bei ya uniti iliyotumika kwenye hesabu. Mshauri aliyefanya kazi yake anao ukurasa huo tayari.